Alipoteza harufu zote, leo ndiye anayechagua pipa la wiski Keroka

Lorna Nyangate hajanywa chai asubuhi hii. Nyamira, ambako birika huinjikwa motoni kabla hata watu hawajanawa uso, hilo si jambo dogo. Hajapaka mafuta mikononi, hajagusa sabuni ya manukato, na kitambaa alichojifunga kichwani kimefuliwa kwa maji matupu.

Anainama juu ya pipa, anakigonga kizibo cha mbao kwa nyundo ndogo hadi kinalegea, kisha anateremsha mrija mrefu wa shaba. Mrija unapanda umebeba kinywaji cha rangi ya asali iliyokaa sana. Anakimimina katika glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, anaisogeza puani na kufumba macho.

Ghalani wapo wengine wawili. Sheila Ochoki, msichana anayepima ukali wa kileo kiwandani, ameshika kalamu bila kuandika. Mwenye kiwanda, Machogu Mokua, amesimama mlangoni mikono nyuma.

“Subirini,” Lorna anasema. “Hii bado haijamaliza kusema.”

Kiwanda hiki kidogo kiko nje kidogo ya mji wa Keroka, nyuma ya ghala la nafaka. Hapa hutengenezwa wiski ya mahindi kwa njia ile ile Wamarekani wanayotengenezea bourbon yao: mahindi yawe zaidi ya nusu ya nafaka yote, kisha kinywaji kilale miaka kadhaa ndani ya pipa jipya la mwaloni lililochomwa moto kwa ndani. Jina la bourbon ni mali ya Marekani kisheria, hivyo chupa za Keroka huandikwa wiski ya mahindi tu. Wafanyakazi wakiwa peke yao huiita “baboni yetu”.

Kwa kawaida mapipa huchanganywa. Lililo kali hupozwa na lililo pole, lenye uchungu hufichwa na tamu. Lakini safari hii hoteli moja ya Kisumu imeomba kitu ambacho kiwanda hakijawahi kuuza: wiski ya pipa moja, chupa zote zitoke humo, na nambari ya pipa iandikwe kwenye lebo. Machogu ametenga mapipa sita. Lorna ndiye wa kuchagua moja.

“Ukichanganya, kosa lina pa kujificha,” Lorna anasema akiweka glasi mezani. “Pipa moja halina. Kama kuna ubaya, mteja ataupata vile ulivyo.”

Ni kazi nzito kwa mtu yeyote. Kwa Lorna ni nzito zaidi, kwa sababu si zamani sana pua yake ilikuwa haitambui kitunguu.

Lorna, mwenye umri wa miaka 41, alizaliwa karibu na soko la Nyamarambe. Alipomaliza kidato cha nne alipata kibarua katika kiwanda cha chai upande wa Itumbe. Kwanza alichambua majani, baadaye akapelekwa chumba cha kuonjea. Huko alifundishwa kuvuta chai kwa kelele, kuizungusha mdomoni, kuisikiliza na kuitema.

“Chai ndiyo ilinifundisha kutema,” anasema huku akicheka. “Bila hiyo singeweza hii kazi ya sasa.”

Machogu alipoanzisha kiwanda chake, alisikia habari zake kutoka kwa madereva wa lori wanaobeba chai. “Nilikuwa natafuta mtu wa kuonja, si mtu wa kunywa,” anaeleza. “Wa kunywa walijileta wenyewe, tena wengi.”

Mpaka leo Lorna hajawahi kumaliza glasi moja ya pombe maishani mwake. Yeye na mumewe, Obwocha, ni Waadventista. Alipokubali kazi ile, alijiondoa mwenyewe katika uongozi wa kwaya kabla mtu hajamwambia kitu. Siku ya Sabato haonekani kiwandani, na Machogu hajawahi kumuuliza.

Aliyeumia zaidi alikuwa mama mkwe wake, Nyanchama, ambaye wanaishi naye boma moja. “Mama hakupiga kelele,” Lorna anakumbuka. “Aliniambia tu, ‘Umeingia kwa kazi ya pombe. Basi nguo zako za kazi utazifua wewe mwenyewe.’ Miaka yote hiyo hakuzigusa hata mvua ikinyesha ziko kwa kamba.”

Halafu, msimu mmoja wa mvua, homa kali ikamwangusha. Alipopata nafuu na kuinuka kitandani, aliletewa uji wa wimbi. Ulikuwa kama maji ya moto yaliyokorogwa na karatasi.

“Nilidhani uji ndio mbaya,” anasema. “Nikaonja chumvi, nikaijua kwamba ni chumvi. Nikakata kitunguu, macho yakatoa machozi, lakini harufu hakuna. Nikachukua sabuni, hakuna. Hapo nikakaa chini.”

Daktari aliyemwona mjini Kisii alimweleza kwamba homa za namna hiyo huweza kuua harufu, na kwamba inaweza kurudi au isirudi. Dawa ya uhakika hakuwa nayo.

Siku chache baadaye, Lorna alikuwa jikoni akishona kifungo cha shati, maziwa yakiwa motoni. Yalifurika, yakaungua hadi sufuria ikaanza kutoa moshi mzito. Yeye alikuwa ameupa moto mgongo, akaendelea kushona. Nyanchama ndiye aliyeingia mbio kutoka shambani.

“Lorna! Nyumba inaungua na wewe umekaa?”

“Nilipogeuka nikaona moshi mpaka kwenye mabati,” Lorna anasema. Hapa sauti yake inashuka. “Sikulia kwa ajili ya kazi siku hiyo. Nililia kwa sababu niliona naweza kuua watoto wangu hivi hivi, nikiwa nimekaa karibu nao.”

Machogu hakumzungusha. Alimwambia hawezi kuwa na mwonjaji asiye na pua, lakini kama angetaka kuosha chupa nafasi ipo. Lorna alishukuru, akarudi nyumbani kuchuma chai pamoja na mama mkwe. Mikono ilikuwa imesahau. Siku nzuri alifikisha kilo ishirini, huku majirani wakipeleka maradufu kwenye kituo cha kununulia.

Wapo waliodhani Nyanchama angefurahi. Baada ya ibada, mama mmoja alimpongeza kwamba Mungu amefunga mlango ule mbaya. Nyanchama, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, anasimulia alivyojibu.

“Nilimwambia, Mungu akitaka kufunga mlango, ataufunga mlango. Hawezi kuchukua pua ya mtu. Pua ameitengeneza yeye.”

Asubuhi iliyofuata alimwita Lorna nyuma ya jiko. Mbele yake alikuwa amepanga mikebe iliyofunikwa.

“Fumba macho,” akamwambia. “Hii ni nini?”

“Mama, sisikii kitu.”

“Sijakuuliza kama unasikia. Vuta. Hii ni mboga ya chinsaga nimeiponda. Vuta tena ukijua ni chinsaga.”

Ndivyo walivyoanza. Kila asubuhi kabla ya shamba na kila jioni baada ya maombi, mikebe ilifunguliwa: chinsaga, maganda ya ndizi mbivu, maziwa ya kibuyuni, majani ya mkaratusi, sukari nguru. Nyanchama alitaja jina, Lorna akavuta pumzi na kujilazimisha kukumbuka. Daktari alikuwa amegusia zoezi la namna hiyo. Nyanchama alikuwa amelisikia kwa mwanawe Obwocha akalichukua kama amri.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Jioni moja Lorna aliusukuma mkebe wa sukari nguru ukamwagika chini, akaingia ndani na kufunga mlango. Nyanchama aliokota vipande kimoja kimoja, akavipanguza udongo, akavirudisha mkebeni. Kesho yake aliuweka mahali pake bila kutaja lililotokea.

“Sikuwa namwombea arudi kwa pombe,” mama huyo anasema, akinitazama moja kwa moja ili niandike sawasawa. “Nilimwombea pua. Atakachofanya nayo ni kati yake na Mungu.”

Harufu ziliporudi, zilirudi zimechanganyikiwa. Ndizi ilinuka mafuta ya taa. Kahawa ilinuka mpira unaoungua, akashindwa kupita karibu na mikahawa ya Keroka bila kuziba pua. Lorna anakiri kwamba wakati huo ulikuwa mgumu kuliko ule wa kutosikia chochote. Lakini hakuacha. Alianza kuvuta mikebe hata mchana, akiwa amekuja kunywa maji.

Kisha siku moja, akitoka kuteka maji, alipita karibu na jiko ambamo Nyanchama alikuwa akisonga. Akasimama ghafla.

“Mama! Ugali inaungua!”

“Haiungui,” Nyanchama akajibu kutoka ndani. “Ni ukoko unashika.” Kisha mwiko ukanyamaza. Mama mkwe akatoka nje, wakatazamana, wakaanza kucheka kama wasichana. Ndoo ya maji ilimwagika yote na hakuna aliyejali.

Lorna alipoenda kiwandani mara ya kwanza kujaribiwa, Machogu alimwekea glasi tatu. Alizinusa, akaonja, akazirudisha katikati ya meza.

“Nikamwambia, bosi, bado sijafika,” anasema. “Harufu nilikuwa nazipata, lakini sikuweza kuzitenganisha. Nikarudi nyumbani nikaongeza mikebe.”

Machogu anasema jibu lile ndilo lililomfanya aendelee kuiacha nafasi wazi. “Siku hiyo angeweza kunidanganya na ningemwamini. Sina pua ya kumpinga. Mtu wa aina hiyo unamngoja.”

Alirudi tena miezi kadhaa baadaye, na safari hiyo akabaki. Kimoja tu hakijarudi mpaka leo: moshi; ukoko anaunusa, moshi wenyewe hapana. Na pipa la wiski ya namna hii, lililochomwa ndani, moshi ni sehemu ya maisha yake. Lorna hafichi. Ameelewana na Sheila kwamba penye moshi, Sheila ndiye atakayesema.

Ghalani, mapipa manne yameshaondolewa mashindanoni. Yamebaki la pili na la tano. La tano ni tamu tangu glasi inapofika karibu: sukari nguru, ndizi iliyochomwa, ganda la chungwa. Sheila amelipenda. Machogu pia, na hafichi tabasamu.

Lorna anavuta kidogo, anazungusha mdomoni, anatema kwenye kopo. Anadondosha maji kidogo kwenye glasi ili harufu ifunguke, na kungoja. Anaonja tena. Uso wake haubadiliki.

“Hii inakupokea vizuri mlangoni,” anasema. “Ukishaingia ndani, hakuna mtu. Mwisho wake ni mbao tu, inakausha ulimi.”

Anahamia la pili. Hilo ni gumu mwanzoni, lina ukali unaopanda puani. Anaongeza maji, anatoka nje kwa muda, anarudi. Sasa anaonja taratibu zaidi.

“Mahindi mabichi ya kuchoma. Kisha asali. Kisha kitu kama ngozi ya kiatu kipya,” anasema. “Na haikimbii. Sheila, moshi ukoje?”

Sheila ananusa. “Uko mbali. Kama jiko la jirani.”

“Haujafunika kitu?”

“Haujafunika.”

Lorna anaweka kiganja juu ya pipa la pili. “Ni hili.”

Machogu anakuja karibu. “Lile lingine ni tamu zaidi, mama. Una hakika?”

“Nina hakika na nilichonusa. Ambacho sikunusa, Sheila amenusa. Lile la tano tulichanganye na mengine, litasaidia sana. Peke yake litakuaibisha.”

Machogu anazitazama glasi mbili, anaonja ya tano, kisha ya pili, anarudi kwenye ya tano. Mwishowe anachukua chaki na kuchora alama juu ya pipa la pili.

Wiki iliyofuata Machogu alinipigia simu. Hoteli ilikuwa imepokea chupa ya mfano na kulichukua pipa zima. Meneja aliuliza tu nani amelichagua, akataka jina lake liwekwe kwenye lebo. Lorna alikataa jina, akakubali herufi za kwanza za majina yake mawili.

Mpango wake sasa uko shambani. Amekodi nusu ekari karibu na kwao Nyamarambe ili apande mahindi ya kienyeji, yale meupe yenye punje kubwa ambayo wengi wameyaacha kwa sababu yanachelewa. Machogu ameahidi kwamba mavuno yakitosha, wiski yatakayotoa itajazwa pipa la peke yake, bila kuchanganywa na ya mtu mwingine. Litalala miaka minne kabla ya kufunguliwa.

“Hiyo miaka minne nataka niipitie nikiwa na pua yangu yote, na moshi ukiwemo,” anasema. “Nikilifungua, nijue kila kitu kilichomo nilikiweka mimi tangu mbegu.”

Kuna jambo alilohitaji kulimaliza kwanza. Jioni moja alimwendea Nyanchama na kumweleza mbegu ni za nini, kwa sababu hakutaka mama agundue kwa watu. Nyanchama alifikiri, huku akiendelea kuchambua mboga.

“Kupalilia nitakuja,” akasema. “Na kuvuna nitakuja. Mahindi ni chakula. Yakishaingia kwa lori, usiniambie yameenda wapi.”

Mvua zikianza, wataenda wote wawili na majembe.