Taka Zinazobaki Baada ya Dua

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika uwanjani Kibiti kabla mechi haijaanza, nikiwa na mfagio mpya wa chelewa mkononi. Msimamizi wetu alinitazama kuanzia kilemba mpaka ndala.

"Binti, umekuja kufagia au umesajiliwa namba tisa?"

Wenzangu walicheka. Wao walijua kwamba mfagiaji huja mpira ukikaribia kwisha. Mimi nilitaka kuuona uwanja kabla ya watu, nijue ninatakiwa kuurudisha vipi. Usiku uliotangulia sikulala vizuri kwa kuwaza hilo tu. Ndivyo nilivyo, na ni heri mlijue mapema, kwa sababu mtakaposoma hapa mtakuta mahali pengi nahangaika kwa jambo ambalo mtu mwingine angelipita.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini kazi nimeiacha, nahamia Mloka kwa mume wangu kulima, na wasichana mnaobaki kwenye kikundi mmeniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya. Sikusomea. Niliishia kidato cha pili, na yote ninayoyajua kuhusu taka niliyapata kwa kuuliza, kwa kusoma kwenye simu na kwa kukosea. Kwa hiyo msinichukulie kama mtaalamu.

Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake, na tuliitwa na yeyote mwenye shughuli ya watu wengi: fainali za kombe la kata, mikutano ya siasa, harusi kubwa, maulidi. Msimamizi, ambaye sote tulimwita Bi Msimamizi hata sokoni, ndiye aliyenifundisha kupiga mstari. Mnasimama safu moja, kila mtu umbali wa mkono kutoka kwa mwenzake, kiroba kikiwa kimefungwa kiunoni, mnatembea polepole na kuokota vikubwa: chupa, maboksi ya chakula, maganda. Mfagio unakuja mwisho. Mkianza na mfagio, vifuniko vya chupa vinazama mchangani, na vifuniko vilivyozama hamvipati tena mpaka mvua ivifukue.

"Kuokota ni kwa macho," alikuwa akisema. "Kufagia ni kwa mgongo. Anza na kisichouma."

Yeye pia ndiye aliyenionyesha kwamba taka huzaliana. Mahali pasipo na kitu, mtu anaona haya kutupa. Ikidondoka chupa moja, anayekuja wa pili hana haya tena, na wa tatu anadhani hapo ndipo jaa. Ndiyo maana tulikuwa tukipita uwanjani wakati wa mapumziko, si kwa kumaliza kazi, bali kuwarudishia watu haya zao.

Mkubwa wetu mwingine alikuwa Bwana Afya wa kata, mtu mpole, mwenye jibu moja kwa kila jambo. "Watu hawa hawana ustaarabu," alituambia tulipofanya kazi Mtawanya, na akarudia hivyohivyo siku alipoalikwa nasi upande wa Umwe. "Wekeni mapipa. Wekeni mabango. Atakayetupa ovyo, atangazwe kwenye spika."

Nilimwamini, lakini neno lile la ustaarabu lilinikaa kooni. Watu tuliokuwa tukiwafagilia niliwajua. Niliwaona alfajiri wakifagia nyua zao mpaka mchanga unabaki na mistari ya mfagio. Iweje mtu huyohuyo akifika kwenye mkusanyiko aache uchafu alipokuwa ameketi? Swali hilo nililala nalo miaka mingi.

Kisha tukaitwa kisiwani.

Kisiwa chenyewe kimo ndani ya delta, mto unapoingia baharini, safari ya boti ya mashine kutoka Nyamisati. Maulidi yao ni makubwa, wageni hutoka vijiji vyote vya delta na vya barabarani. Huyafanya mchana, siku za mwezi mpevu wa Mfungo Sita, kwa sababu ndizo siku za bamvua, maji makuu, na boti zenye watu wengi haziwezi kuingia kwenye mto wa kisiwa mpaka maji yajae. Wageni wanaingia na maji ya alfajiri, wanatoka na maji ya alasiri. Uwanja uko kando ya mikoko. Siku mbili baada ya mwezi mpevu maji hupanda zaidi, hupita mikoko, yakalamba nusu ya uwanja. Chochote kilichobaki chini, maji hukichukua na kukipeleka mtoni, kwenye mashimo ya kaa na kwenye nyavu.

Nilijiandaa kwa mwezi mzima. Niliomba mapipa ya bluu, nikayaosha kwa sabuni mpaka yakang'aa, nikayapanga pembeni mwa uwanja kwa vipimo sawa. Niliandika mabango kwa mkono wangu, na moja nililirudia mara tatu kwa sababu herufi zilikuwa zimeinama. Kisha nikaenda kusalimia jikoni. Niliporudi, mapipa hayakuwepo.

Nilimkuta Mwenyekiti wa Kamati ya Maulidi, mzee mkata mikoko wa zamani mwenye mikono mipana kama makasia, akiwaelekeza vijana wayapange kivulini nyuma ya msikiti.

"Shikamoo mzee. Hayo mapipa ni ya taka."

"Marahaba. Ya nini?"

"Ya taka."

Aligonga pipa kwa kidole akasikiliza mlio wake. "Mwanangu, hapa maji ya kunywa tunayafuata kwa boti. Pipa zima namna hii, jipya, limeoshwa kwa sabuni, wewe unataka tutie maganda? Wake zetu wamekwisha kuwaombea dua nyinyi mlioyaleta."

Nilijaribu kuyarudisha mawili. Yalikaa pembeni siku nzima, na hakuna aliyetia kitu. Mama mmoja alichungulia ndani, akaniuliza maji yanaletwa saa ngapi.

Mnajua yaliyofuata. Dua ilipokwisha, watu waliinuka kama kundi la ndege, wakaelekea kwenye boti kabla maji hayajaanza kupwa. Tulibaki wachache na uwanja mzima wa chupa na maboksi. Boti yetu nayo ilikuwa ikipiga honi. Tulipiga mstari tukikimbia, jambo lisilowezekana, tukaondoka tumeokota nusu. Kesho kutwa yake maji yalipanda yakachukua iliyobaki.

Mwezi uliofuata Mwenyekiti alifika Kibiti kwa shughuli zake akapita kwa Bi Msimamizi. Nilikuwepo. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitesa.

"Wavuvi wanavuta nyavu, wanapata chupa," alisema. "Wazee wamekaa. Wanasema maulidi haya babu zetu waliyaweka pale ili kisiwa kipate baraka, si ili kipate taka. Mwakani tutajaribu mara moja tena. Ikiwa hivi, yahamie bara. Nimeyaongoza maulidi haya tangu sijaota ndevu vizuri, sitaki yaondokee mikononi mwangu."

Bi Msimamizi alinitazama. "Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Sikula siku hiyo.

Jibu nililipata Mtawanya, kwenye maulidi nilikokwenda kama mgeni, si kama mfagiaji. Niliketi jamvini na shangazi yangu. Huyu shangazi ni mtu wa kuokota punje ya wali sakafuni kwako hata kama hukumwambia. Tulikula, tukanywa maji ya chupa. Sheikh akasema tuinue mikono. Shangazi alikuwa na chupa tupu mkono mmoja na boksi la chakula mkono mwingine. Huwezi kuomba dua umeshika boksi. Akaviweka chini, taratibu, akaviegemeza kwenye pindo la jamvi ili visianguke. Akainua mikono. Dua ikaisha, tukapaka nyuso, na hapohapo watu wakaanza kupeana mikono, huku na huku, kuulizana habari za wagonjwa na za shamba. Mkono wa salamu lazima uwe mtupu. Akaendelea kusalimia mpaka tukajikuta barabarani.

"Shangazi, mbona umeacha vitu pale?"

"Niliacha nini?"

"Chupa na boksi."

"Sikuviacha. Nimeviweka pembeni vizuri, wenye shughuli watatoa vyombo vyao." Akasimama, akanikazia macho. "Au ulitaka mgeni nizunguke na uchafu nikitafuta pa kutupa, mwenye nyumba aone haya?"

Nikageuka kuutazama uwanja. Karibu na kila jamvi chupa zilikuwa zimesimama wima, maboksi yamefunikwa vizuri, yamepangwa kando. Hakukuwa na aliyetupa. Kila mtu alikuwa ameweka.

Nilifikiria siku nyingi. Zamani chakula kilikuja kwenye sinia na maji kwenye kata ya kifuu, na mgeni akimaliza huacha palepale, mwenyeji huja kuchukua chombo chake. Kuinuka na sinia ya mwenyeji kungekuwa ufedhuli. Sinia zimeondoka, yamekuja maboksi, lakini adabu ya mgeni haijaondoka. Bwana Afya alisema watu wanakosa ustaarabu. Mimi niliona wanaacha taka kwa sababu wanao, ila ni ule wa sinia. Na sisi tulikuwa tumewawekea mapipa mbali, tukitaka wageni wainuke, tena katikati ya shughuli.

Ni nini kinachomfuata mgeni mpaka alipo, na yeye hasemi hapana? Birika na beseni. Baada ya kula, wahudumu hupita jamvi kwa jamvi kuwanawisha watu, wakianza na wazee, na hakuna mtu anayekataa kunawa.

Mwaka uliofuata tulikwenda kisiwani bila pipa hata moja. Tulikwenda siku moja kabla, tukakaa na wanawake wa pale tukisuka mapakacha ya makuti, yale ya kubebea nazi, ambayo hayamgharimu mtu kitu na hakuna anayeyatamani kwa maji. Mpango ulikuwa mfupi: anayepita na birika na beseni, nyuma yake anafuatwa na mwenye pakacha. Upande wa wanawake tulisimama sisi, upande wa wanaume wakasimama vijana wa kisiwa. Usiseme neno, niliwaagiza. Tega tu pakacha pale mtu anaponyoosha mikono kunawa, kwa sababu lazima kwanza aweke alichoshika.

Bi Msimamizi alinitazama nikilikagua kila pakacha kwa mara ya pili.

"Pumua, wewe. Ni makuti haya, hayana cheo."

Upande wetu ilikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Wanawake walitia maboksi bila kuambiwa, mmoja akatia hata kijiti cha meno. Upande wa wanaume walikuwa wengi, na majamvi ya nyuma, karibu na mikoko, yalikuwa hayajafikiwa. Nikaona vijana wa boti wanawanong'oneza wazee kwamba maji yamesimama, yataanza kupwa. Sheikh akachukua kipaza sauti. Akianza dua sasa, nusu ya wanaume wataweka chini, watapeana mikono, watakimbilia boti, na mimi nitakuwa nimeyatoa maulidi kisiwani.

Nilikimbia kando ya uwanja mpaka kwa Mwenyekiti. "Mzee, mwombe Sheikh asubiri. Mapakacha hayajafika nyuma."

"Dua isubiri pakacha?" Hata hakunitazama. "Hilo mimi siwezi kulisema mbele ya watu."

Sheikh alikohoa kidogo kwenye spika. Kisha, kama wanavyouliza siku zote, akauliza, "Wote mmeshanawa?"

"Bado," wakajibu wa nyuma, mikono yao juu, ina mafuta ya pilau.

"Basi nawisheni, hatumwombi Mungu na mikono ya mafuta."

Akarudisha kipaza sauti mapajani. Vijana wa boti wakarudi botini kungoja. Birika zikapita mpaka jamvi la mwisho, mapakacha yakifuata, na mimi nikaketi chini pale nilipokuwa nimesimama.

Wageni walipoondoka tulipiga mstari kwa mwendo wetu wa kawaida. Tuliokota vichache. Tulibaki kisiwani mpaka maji makubwa yapande, kwa sababu mimi nisingeweza kurudi Kibiti bila kuyaona, na Bi Msimamizi alijua kwamba asiponiachia nitamsumbua mwaka mzima.

Katika miaka iliyofuata tuliutumia mpango ule kwenye harusi na hitima nyingi. Kwenye mpira haufanyi kazi, kwani pale hakuna anayenawishwa, na kwenye mikutano ya siasa bado sijui la kufanya. Hayo nawaachieni nyinyi. Zamani ningeona vibaya kuwaachia kazi isiyokamilika. Siku hizi nalala. Nikienda kwenye shughuli, huwatazama kwanza watu wanafanya nini na mikono yao, kisha ndipo nitazame chini, na nimegundua siwakasirikii tena.

Asubuhi ile tuliyoisubiri kisiwani, maji yalipanda, yakapita mikoko, yakatanda uwanjani kimya, kisha yakarudi. Tulimfuata Mwenyekiti kwenye tope laini. Yalikuwa yameacha majani ya mikoko, vijiti na ndala moja ya kushoto. Nilikwenda kuiokota mbiombio, uso unanichoma.

"Iache hiyo," Mwenyekiti alisema. "Ni yangu. Naitafuta tangu juzi."

Akaivaa ikiwa na matope yake, akautazama uwanja mara moja tena, akamgeukia Bi Msimamizi.

"Mwakani mje siku mbili kabla. Makuti ya kusuka tutawakatia sisi."