Programu niliichagua mimi, lawama ameibeba mjomba

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, imamu wa msikiti mmoja hapa Kasongo alitangaza kwamba mjomba wangu hatafundisha tena madrasa. Alisema mzee huyo ndiye aliyeingiza katika simu za wanafunzi programu inayomtukana Mtume. Kesho yake tangazo hilo lililetwa redioni kwetu, limeandikwa kwenye karatasi moja. Nililisoma hewani mimi. Programu hiyo pia niliichagua mimi.

Msimamizi wa ukurasa huu, ficha jina langu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwandishi wa habari wa redio kwa zaidi ya miaka ishirini. Baba alikuwa Mkristo, mkulima. Mama alizaliwa katika familia ya Waislamu wa Nyangwe. Baba alipofariki, kaka yake mama ndiye aliyenilea. Kila Jumapili mjomba alinigongea mlango niamke niende misa, kisha yeye akashika jembe lake. Hakuwahi kuniambia nibadili dini.

Vijana walipoanza kugombana sokoni juu ya kitabu kipi ni cha kweli, mjomba na katekista wetu walianzisha darasa la pamoja, kila Jumamosi alasiri, Biblia na Qur'ani meza moja. Wengine wanakuja kutoka hata Kabambare kwa pikipiki. Utani ulikuwa mwingi. Siku moja simu ya katekista ilizimika katikati ya somo. Mjomba akamwambia, "Katekista, leo Injili yako iko na njaa ya umeme. Sogea huku, nikusomee habari za Mariamu." Watu walicheka, katekista akasogeza kiti.

Darasa lilimpa mjomba kazi ya kutafuta programu moja ya kusomea Biblia na Qur'ani katika simu, ya kutumiwa na wote. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo, kwa hiyo alinikabidhi mimi. Hatukumwambia mtu.

Nilipata mbili. Ya kwanza ilikuwa maandishi tu, na Biblia yake ya Kifaransa. Ya pili ililetwa na muuza simu mmoja kutoka Kabambare: vitabu vyote viwili kwa Kiswahili, na sauti za wasomaji, bila kuhitaji mtandao. Niliijaribu kama ninavyojaribu kila kitu kazini. Nilivaa visikilizio nikasikiliza, siku nne. Nilikagua kama sauti inakatika, kama msomaji anameza maneno. Ilikuwa safi. Chini ya kila aya kulikuwa na nyota ndogo. Sikuibonyeza hata mara moja.

Mjomba aliinakili kwa kadi ya memori katika simu za darasa, kisha katika simu za wanafunzi wake wakubwa wa madrasa. Mzazi mmoja ndiye aliyebonyeza nyota. Yaliyofunguka ni maelezo ya watu waliotaka kuonyesha kwamba Qur'ani ni uongo, pamoja na matusi kwa Mtume. Nimeyasoma yote sasa. Sitayarudia hapa.

Wazee wa msikiti walipomwita, mjomba alisema programu aliichagua yeye mwenyewe.

Jioni ya Ijumaa ile, baada ya imamu kutangaza, nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Nilimwambia nitakwenda msikitini kueleza. Hakuacha kumenya.

"Hapana, mama. Mimi nikikosa, watasema muzee hajui simu. Wewe ukisema, watasema Wakristo walitega mutego. Darasa litakufa siku hiyo hiyo."

Nilimkumbusha kwamba ameshafukuzwa.

"Nimefundisha miaka mingi. Wacha nipumzike. Wewe nyamaza."

Aliposema neno la kupumzika alikuwa anaangalia kisu, si mimi.

Sikulia siku hiyo, na mpaka leo sijalia. Nilipomaliza kusoma lile tangazo, fundi mitambo aliniambia kwamba nimelisoma vizuri, bila kosa. Tangu hapo, saa ya madrasa ikifika, mjomba anavaa kanzu yake iliyopigwa pasi na kukaa barazani. Wanafunzi wake wanapita njia ya nyuma. Ninayaona hayo kama habari ya mtu mwingine, inayosubiri kuandikwa.

Jumapili hii saa nane mchana, baada ya misa, pande zote mbili zitakutana katika shule ya hapa kuamua kama darasa liendelee. Mjomba ametakiwa kuomba msamaha mbele ya watu. Redio yetu itarusha kikao moja kwa moja, na mimi ndiye niliyepangwa kushika mikrofoni. Nikisema ukweli, huenda nikaliua darasa alilojitoa kuliokoa. Nikinyamaza, ataomba msamaha kwa kosa langu, na mimi nitakuwa nimemshikia mikrofoni karibu na mdomo ili asikike vizuri.

Ninyi mngefanya lipi? Niandikieni kabla ya Jumapili, saa nane.