Pongo wa Bwana Wadudu

Wenzangu mliokulia Muleba enzi za Mwingereza, mnakumbuka senene walivyokuwa wakishuka? Alfajiri nyasi zote zinatikisika, nasi watoto tunakimbia na vikapu, miguu imelowa umande. Sisi wasichana tulikamata, tukanyonyoa mbawa, tukakaanga, halafu wakala wanaume. Ukilamba kidole tu, bibi anakukaripia: "Utazaa mtoto mwenye kichwa cha senene!" Wajukuu zangu leo wananunua wa pakiti, wanatafuna barabarani, wasichana kwa wavulana, tena wanalalamika chumvi imezidi. Haya, kuleni.

Siku hizo ndipo alipoishi jirani nasi, upande wa Rubya, Mzungu tuliyemwita Bwana Wadudu. Nadhani ndiye wa kwanza kuja kwetu bila kutaka kahawa, kodi wala roho zetu. Alitaka panzi, vyura, ndege na panya, awape majina na kuwapeleka kwao Ulaya. Alilala kifudifudi kwenye matope ya bondeni akimtazama chura mmoja mpaka chakula chake kikapoa, sisi tukiwa hoi kwa kicheko. Ukimletea mdudu asiyemjua, alikupa kipande cha sukari guru na kukushukuru kama mtu mzima. Baraza yake ilinuka dawa ya kukaushia ngozi. Mpaka leo nikipita duka la dawa za mifugo, baraza ile inanijia.

Baba yangu, Taata, ndiye aliyemwongoza na kumtafsiria, maana wazee wetu walijua Kihaya tu. Alimwonyesha kila kiumbe isipokuwa mmoja: pongo, yule mnyama wa vichakani mfano wa swala. Pongo ndiye muziro wa ukoo wetu. Hatumuui, hatumli, hata ngozi yake hatuilalii. Mama alitoka ukoo mwingine, lakini sisi watoto tulifuata muziro wa baba. Sasa Bwana alimtaka pongo dume kwa udi na uvumba. Kila akimtaja, Taata alimpitisha njia nyingine, wakarudi na kapu la konokono. Nyumbani Taata alicheka mpaka machozi. "Viumbe vyote vya Mungu amechukua," alisema. "Huyu mmoja atuachie."

Basi Taata akatumwa Bukoba kupeleka masanduku ya Bwana melini. Nyuma yake, Bwana akapata kiongozi wa ukoo mwingine, na siku hiyohiyo akampiga risasi pongo wake. Bwana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Ngozi na fuvu alibaki navyo, akaona nyama isiharibike. Paja zima, limefungwa kwenye majani ya mgomba, akalituma kwetu, zawadi kwa familia ya mtu wake. Mama akadhani ni mbuzi. Akalipika na ndizi, tukala tukashiba. Mdogo wangu Mutalemwa, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alinyonya mfupa mpaka akalala nao mkononi.

Taata aliporudi alipitia kwa Bwana, akaikuta ngozi imetandazwa barazani. Alikuja nyumbani mbio.

"Mmekula nini nyie?"

"Nyama ya Bwana wako," mama akajibu. "Kwani vipi?"

Taata akakaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa ndani ya msonge wetu, mikono kichwani. Babu, baba yake, akasema lazima tutakaswe kwa dawa ya ukoo kabla ya jua kuzama. Lakini Taata alikuwa mwalimu wa dini, na padri alikwisha kuwakanya habari za dawa hizo. Akakataa. "Mimi nimebatizwa, Baba. Nyama ni nyama."

Mwezi haukuisha, Mutalemwa akashikwa na homa. Mama alimbeba mgongoni kwenda hospitali, mtoto akafia njiani. Jamani, mama alirudi naye vilevile mgongoni, hakutaka mtu amfungue.

Msibani Bwana alikuja, akavua kofia, akakaa kwenye nyasi pamoja nasi. Akasema maneno marefu. Watu wote wakamgeukia Taata atafsiri, naye akanyamaza. Hakuna aliyempa Bwana hata punje moja ya kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu hanyimwi mgeni yeyote.

Tulipokwisha kumzika mtoto kwenye kibanja, shamba letu la migomba, Babu akamwambia Taata mbele ya ukoo, "Mgeni ulimleta wewe. Kunywa dawa, au utoke hapa." Taata akalitazama lile kaburi dogo. Angekunywa, angekuwa amekiri kwamba ukaidi wake ndio uliomuua mwanawe. Hakunywa. Kesho yake akaondoka na Bwana kuelekea Uganda. Alinishika kichwa akasema, "Mtunze mama yako. Wakipoa nitarudi." Nililia mpaka sauti ikakauka.

Leo bonde lile ni mikaratusi mitupu. Juzi nilimwuliza mjukuu wangu muziro wake ni nini, akanitajia timu yake ya mpira. Nilicheka, kisha nikaona uchungu. Zamani pongo mmoja alivunja nyumba nzima. Sasa wamekwisha wote na hakuna aliyetoa hata chozi.

Babu kabla ya kufa alijuta. Aliagiza kipande cha ardhi kando ya kaburi la Mutalemwa kisipandwe kitu, ni cha kumzikia mwanawe. Babu mwenyewe amelala palepale kibanjani, na mama naye. Vijana sasa wananiambia, "Bibi, pale pamekaa bure tu, tupande maparachichi." Nimewakatalia. Nimewaambia Taata hajarudi.