Jemadari na Jiko la Sahani Moja

Kwa miaka kumi na saba Jemadari alipikia wanafunzi mia sita wa chuo, na hakuna hata mmoja aliyerudisha sahani imejaa. Baadaye alikuja kukiri mwenyewe kwamba wanafunzi wale wangekula hata kitasa cha mlango, mradi kimetiwa chumvi. Lakini wakati ule sifa zilikuwa zimempanda kichwani. Jina la Jemadari alipewa na wasaidizi wake, kwa jinsi alivyosimama mbele ya masufuria na mwiko mrefu kama kasia akitoa amri, naye alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi.

Ikatokea mkewe, fundi wa mashine za eksirei, akapata kazi ya mwaka mzima: kuzunguka hospitali moja baada ya nyingine, wiki tatu hapa, mwezi pale, akifunga mashine mpya. Hawakutaka familia itawanyike. Jemadari akaomba likizo isiyo na mshahara, wakafunga virago, wakaondoka na watoto wao watatu.

"Masomo yao nitayashika mimi jioni," mkewe alimwambia. "Wewe shughuli yako chakula. Utaweza?"

Jemadari alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama watoto, watu watano? Hao kwangu ni wa kuonja tu!"

Jogoo wa shamba hawiki mjini, na mpishi wa masufuria makubwa naye ana mipaka yake. Katika mji wa kwanza alipika maharage. Mkono uliozoea kupima kwa ndoo haukujua kikombe. Walikula maharage yale siku nne, na mlinzi wa geti la hospitali, aliyepelekewa bakuli siku tatu mfululizo, akimwona Jemadari kwa mbali alijifanya anaongea na simu. Mji wa pili ukawa wa wali: chini umeungua, katikati mbichi, juu uji.

"Baba," aliuliza kifunguamimba, binti wa miaka kumi na mmoja aliyerithi ulimi wa bibi yake, "mbona chakula chako kina ladha ya foleni?"

Wa kati alikula, ila kila tonge aliligeuzageuza kwanza kama anayetafuta kitu kilichopotea. Kitindamimba, wa miaka minne, alifunga mdomo kama kufuli. Mkate mkavu na ndizi, basi. Jemadari akajitia hamnazo. Watoto wa siku hizi, alisema, hawajui chakula.

Katika mji wa tano walipanga vyumba viwili ghorofani kwa mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke asiyecheka hovyo. Ukutani palikuwa na tangazo: MARUFUKU KUPIKIA CHUMBANI. Mtaa wa pili kulikuwa na mkahawa, lakini Jemadari mzima akapange mstari kununua chakula? Heri afe. Akahamia bafuni. Alipindua ndoo, akaweka juu yake jiko lake dogo la umeme la sahani moja, alilosafiri nalo tangu mji wa kwanza, akavaa kofia ya plastiki ya kuogea ili nywele zisiangukie chakula, akafungulia bomba ili sauti ya maji ifunike sauti ya mafuta.

Siku ya tatu, mchana kweupe, alichomeka na birika la umeme. Taa zikazimika nyumba nzima. Kule chini cherehani ya mpangaji mmoja ikakata pumzi katikati ya mshono, na mwenyewe akapiga kelele. Punde si punde mlango wa bafu ukagongwa.

"Nani humo?"

"Ni mimi, mama! Naoga!"

"Unaoga kwa vitunguu?"

Kitindamimba akamjibia kutoka chumbani: "Baba haogi. Baba anakaanga."

Njia ya mwongo ni fupi. Akafungua mlango, kofia ya kuogea kichwani, mwiko mkononi, mkavu kama kuni. Mwalimu akaingia, akachomoa waya, akachovya ncha ya kijiko kwenye kikaango na kuonja. Akakaa kidogo kabla ya kumeza.

"Kazi yako nini, baba?"

"Mpishi," Jemadari alijibu, akificha mwiko nyuma ya mgongo.

"Mpishi wa nini?"

Mwalimu akalikwapua jiko. "Hili mtalikuta kwangu siku ya kuondoka. Jikoni kwangu chini kuko wazi saa nne mpaka saa sita. Na watoto washuke nao. Kila siku nawakuta kwenye ngazi wanatafuna mkate mkavu kama wafungwa."

Hilo la ngazi lilimchoma. Hakujua. Akaketi juu ya ile ndoo, akajisema vizuri. Miaka kumi na saba ameona mikono na sahani vikipita kwenye dirisha la kupakulia. Uso wa mtu anayetafuna chakula chake hakuwahi kuuangalia.

Kesho yake, jikoni kwa mwalimu, aliwauliza wanawe kile ambacho hakuwahi kumuuliza mlaji yeyote: wanataka nini? Kifunguamimba alitaka mboga zisipikwe mpaka zikafa. Wa kati alitaka yeye mwenyewe aruhusiwe kuonja chakula kabla hakijaiva.

"Na wewe, mwanangu?"

Kitindamimba alifikiri. "Visigusane."

"Nini visigusane?"

"Vyakula."

Miezi yote hiyo! Jemadari, mzoea sufuria moja, alikuwa akichanganya kila kitu. Akaweka viazi huku, yai kule, karoti pembeni peke yake kama imegombana na wenzake. Mtoto akala, akafuta sahani kwa kidole. Jemadari akageukia dirisha, akajipangusa macho.

"Moshi," alisema.

"Moshi gani?" mwalimu akauliza. "Hilo jiko la gesi."

Jioni alimsimulia mkewe yote, hata kofia ya kuogea. Mkewe akacheka, kisha akainamisha kichwa.

"Baba watoto, nami nina langu. Tangu mji wa pili nakula na manesi hospitali. Niliona nikikuambia utaumia."

Jemadari akamtumbulia macho. Alitaka kukasirika, akakumbuka ule wali, akashindwa.

"Wanapikaje huko?"

"Vizuri tu."

"Basi kesho niulizie," alisema, akimsogezea sahani. "Viazi hivi hapa. Na useme kweli."

Mkewe akaonja. "Chumvi haitoshi," akasema, na Jemadari akainuka kwenda kuileta.