Hema Letu la Rweya

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, siku ya nne ya kambi yetu, niliona watu wawili wakishuka mlima kuelekea mtoni. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshika daftari, nikiandika kina cha maji kama nilivyokipima asubuhi na adhuhuri. Wa mbele alitembea kwa fimbo: baba mkwe wangu. Wa nyuma, mwenye mkungu wa ndizi kichwani, alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

Mke wangu alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Aliinua kichwa, akawatazama, kisha akanitazama mimi.

"Nilikuambia," alisema.

Kweli aliniambia. Wakati ule nilikuwa mpimaji wa uzito katika kituo cha kununulia kahawa, Kemondo. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima na kamusi iliyopoteza herufi ya kwanza. Siku moja dukani nilifungiwa sukari kwa karatasi ya gazeti la Kizungu yenye picha: jangwa, mto unaopita kati ya miamba, mahema matatu ukingoni, na mwanamke ameketi kitini anakunywa chai. Maneno ya chini yalinichukua jioni mbili. Yalisema kwamba hapo ni hifadhi, na kwamba watu hulipa ili walale pale.

Jangwa sisi hatuna. Tuna rweya, nyasi kavu na mawe yaliyolala kati ya kijiji na kijiji, mahali mgomba hauoti. Mhaya hukaa kibanjani, ndani ya migomba na mibuni aliyoachiwa na babu zake. Rweya huenda kukata nyasi za kutandika nyumbani, au kuchunga. Anayelala huko ni yule aliyenyang'anywa kibanja. Jambo hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Nilinunua hema kwa askari aliyerudi kutoka vitani, nikaomba likizo ya siku sita. Mke wangu alisema, "Tupeleke neno nyumbani kwanza. Watu watasema kibanja kimekwenda, na Tata akisikia hatakaa. Na hana kitu ila ile mibuni yake." Tata ndivyo alivyomwita baba yake.

"Siwezi kumweleza kila mtu kila ninachofanya," nilimjibu.

Kulikuwa na jambo jingine. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimejifunza upimaji wa ardhi kitabuni, nikazunguka kibanja changu kwa kamba na vijiti ili nione kama hesabu zangu zitakubaliana. Majirani waliona kamba. Kisha wakaona vyungu, mikeka na kuku vikitoka kwa baiskeli mbili. Mmoja aliniuliza njiani, "Mnahamia wapi, waitu?" Nami, kwa majivuno ya mtu mwenye picha mfukoni, nikasema, "Tunakwenda kukaa rweya." Sikuongeza neno.

Mahali penyewe palikuwa pazuri, siwezi kusema uongo. Upande wa Muleba mto ule hupinda kwenye mwamba mpana, maji ni maangavu, na jioni mlima wote hugeuka rangi ya shaba. Kwa siku tatu nilikuwa nimefurahi kuliko wakati wowote wa maisha yangu.

Baba mkwe alifika, akaketi juu ya jiwe. Alitoa buni zilizochemshwa na kukaushwa, akatugawia tutafune, kama vile sisi ndio wageni na yeye ndiye mwenye nyumba. Walikuwa wamepanda lori la samaki hadi Muleba, kisha wakatembea saa tatu.

Shemeji aliutua mkungu, akalizunguka hema. "Shemeji, nyumba hii ukuta wake unapepea! Mbuzi akikohoa, inaanguka."

"Nyamaza," baba yake alimwambia. Kisha akafungua kitambaa, akaweka noti na sarafu mbele ya miguu yangu. "Mwanangu, mwanamume huanguka. Hizi ni shilingi mia na ishirini. Mpe huyo aliyekichukua kibanja chako, umwambie zilizobaki zinakuja."

Hapo ndipo ilinipasa kusema. Sikusema. Nilizitazama zile fedha, na kwa muda ambao sikuupima nilimwacha mzee aamini kwamba nimefilisika, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kukiri kwamba nilikuwa nacheza.

Mke wangu ndiye aliyesema. "Tata, kibanja kipo. Tulikuja kutazama mto."

Nikaitoa ile picha. Baba mkwe aliishika mbali na macho, akaigeuza, akairudisha.

"Na hawa Wazungu," aliuliza, "wao walinyang'anywa nini?"

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Baba mkwe hakucheka, na nilipomuuliza fedha zimetoka wapi, alijibu huku akitazama maji. Alikuwa ameuza kahawa yake ikingali kijani mtini, kwa mfanyabiashara mmoja, kwa bei ambayo mtu huikubali tu akiwa na msiba. Biashara hiyo tunaiita butura, nayo ilikatazwa. Mtu wa kituo kama mimi alitakiwa kuiripoti. Sikuiripoti, maana ningemshtaki yeye.

Tulilikunja hema siku ileile. Kesho yake nilikwenda na mzee kumrudishia yule mfanyabiashara fedha zake. Alikataa kuzigusa. "Kahawa ni yangu," alisema. "Zirudisheni mlikozitoa."

Wakati wa mavuno kahawa ile ililetwa Kemondo kwa jina la yule mfanyabiashara, ikapandishwa kwenye mizani yangu. Niliipima mwenyewe: ratili mia nne na kumi na mbili, kwa senti sabini na tano kila ratili. Niliandika bila kukosea.

Niliuza hema, nikampelekea baba mkwe fedha. Alizisukuma kwa ncha ya fimbo. "Nikizipokea, watu watajua kwamba nilikimbilia kitu kisichokuwapo. Sasa wanajua tu kwamba mkwe wangu alipoanguka, nilikwenda."

Majirani bado wanaamini kwamba kibanja changu kiliwahi kupotea na yeye ndiye aliyekikomboa. Sijawahi kuwasahihisha. Kahawa ile ilizaa shilingi mia tatu na tisa. Ondoa mia na ishirini alizopewa. Mzee alipoteza shilingi mia moja themanini na tisa.