Sentensi Tano za Ijumaa

Mwaka ule tulikuwa na vitabu saba vya Kiingereza kwa kidato cha kwanza kizima. Duka lililotuuzia vitabu lilifungwa wenyewe, Wahindi, walipofukuzwa nchini na serikali ya kijeshi, na walimu wenzangu wawili walikuwa wameondoka bila kuaga. Mimi nilibaki. Nilikulia Mombasa, nikaolewa Kampala, nikaishi Kisugu, na kila asubuhi nilikwenda shuleni kwa miguu nikiwaza jinsi ya kufundisha kusoma bila vitabu.

Nikaamua kwamba wanafunzi wataandika wenyewe cha kusoma. Kila Ijumaa asubuhi waliandika kwa Kiingereza sentensi tano juu ya jambo waliloliona wiki ile. Usiandike ulichoambiwa, usiandike unachodhani. Kisha walibadilishana madaftari, na msomaji akamuuliza mwandishi: nani, wapi, lini? Jioni nilirudisha madaftari yakiwa yamesahihishwa, yaende nyumbani yakatiwe saini na wazazi. Amri ya saini ilikuwa ya mwalimu mkuu. Sikuipinga, na hilo lilikuwa kosa langu.

Waliandika mambo ya kawaida. Foleni ya sabuni. Mvua iliyoingia jikoni. Mmoja aliandika juu ya muuza matoke wa soko la Kalerwe aliyekalia mzani wake ili mteja asiutumie, na darasa likacheka mpaka nikagonga meza.

Binti wa sajini mmoja wa kambi ya jeshi ya Mbuya alikaa mstari wa mbele. Aliandika polepole na hakufuta kitu. Ijumaa moja aliandika hivi:

“Jana lori la kijani lilisimama mlangoni kwetu. Wanaume watatu waliingiza meza na viti vinne. Waliingiza pia kitanda kidogo cha mtoto mchanga. Nyumbani kwetu hakuna mtoto mchanga. Mama alikifunika kitanda kwa shuka.”

Nilisahihisha haraka, nikitafuta makosa ya vitenzi tu. Sikuona hata moja. Nikampa tano kwa tano kwa wino mwekundu. Nilikuwa nyumbani nachambua mchele nilipoelewa nilichokisoma. Siku zile askari walimchukua mtu kwanza, kisha wakagawana vyombo vyake. Na daftari lilikuwa limeshafika Mbuya.

Jumatatu, kabla ya kengele, sajini aliingia darasani akiwa amevaa sare, binti yake nyuma yake. Aliweka daftari mezani pangu.

“Jambo, Mama Mwalimu.”

“Jambo, Afande.”

“Kule kambi, jina ya mtu ikiwekwa wino nyekundu, huyo iko na kesi. Sasa huyu iko na kesi gani? Kama ameshindwa kusoma, mimi narudisha yeye leo kwa shangazi yake, akalime.”

“Hana kesi. Amepata zote.”

“Zote ya nini? Mimi hapana jua Kizungu. Wewe soma kwa Kiswahili, nisikie.”

Ningeweza kumsomea habari za mvua. Asingejua. Lakini binti alikuwa amesimama pale, macho kwenye midomo yangu, na kila neno la ukurasa ule alilijua. Nikidanganya, Ijumaa ijayo nitamwambia nini aandike? Nikisoma kweli, huenda nisiione hiyo Ijumaa. Nilifungua daftari, nikasoma sentensi zote tano, moja moja, bila kuongeza wala kupunguza.

Sajini alimgeukia binti yake.

“Wewe ndiyo umeandika hii?”

“Ndiyo, Baba.”

“Nani alituma wewe?”

“Hakuna, Baba. Niliona.”

Nje watoto walikuwa wakisukumana mlangoni. Sajini akanitazama mimi.

“Makosa iko wapi?”

“Hakuna, Afande.”

“Hata moja?”

“Hata moja.”

Akatoa kicheko kifupi kisichofika machoni. “Karani yetu, ripoti yake inarudishwa mara tatu.”

Alichukua kalamu yangu nyekundu, ndiyo pekee iliyokuwa mezani, akatia saini chini ya sentensi ya tano, kwa kukandamiza mpaka karatasi ikatoboka. “Huyu abaki,” alisema, akavaa kofia, akatoka.

Saa ya mapumziko nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia madaftari yangu hayatakwenda tena nyumbani, na kwamba Ijumaa zangu zitaendelea. Alifunga mlango kabla ya kunijibu. Alisema hajanisikia. Nililichukulia hilo kuwa ruhusa.

Ijumaa iliyofuata binti yule aliandika sentensi mbili tu: “Kitanda kidogo hakipo tena nyumbani kwetu. Sikuona aliyekiondoa.”

Mwenzake wa dawati alimuuliza kama kawaida: nani, wapi, lini?

“Lini najua,” alijibu. “Jumatatu. Mengine sikuyaona.”

Masharti yalitaka sentensi tano. Nilimpa alama zote, kwa penseli, nikaita daftari lililofuata.