Norjmaa na Ng'ombe wa Shemeji Yake

Norjmaa alikuwa mwanamke wa miraba minne, na wafugaji wa kando ya mto Kherlen walimwogopa hata kabla hajafungua mdomo. Akiwa bado msichana, alimbwaga kaka yake kwenye mieleka mbele ya wageni, baba yake akanuna siku nzima. Baadaye akasomea uganga wa mifugo, akaolewa, akafiwa. Mumewe alizama na pikipiki yake barafu ya mto ilipopasuka. Tangu hapo Norjmaa alibaki na kazi yake tu, kuzunguka nyikani akichanja mifugo ya watu.

Si kazi ya mikono laini. Ng'ombe wa nyika hajui kufungwa, na sindano huijibu kwa pembe. Walikuwa wamemvunja pua mara mbili na kumng'oa kucha asizokumbuka idadi. Naye hakuwa mpole kwao. Fahali aliyemsumbua alikula ngumi ya pua.

Vuli ile alikwenda kwa Dashzeveg, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, kuchanja dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo. Alipomaliza waliokuwamo zizini, akasimama akitazama huku na huku.

"Kaka, ng'ombe wako ndio hawa tu?"

"Unawaona wengine?"

"Wale wenye mimba umewameza?"

Dashzeveg akacheka, akafungua mlango wa hema lake la sufu. "Ingia unywe chai, shemeji. Sindano zako zinaharibu mimba. Waulize jirani zetu kina Lhamsuren."

"Wa Lhamsuren walitupa mimba kwa njaa. Mwenyewe anawashinda unene ng'ombe wake."

Chai hakuinywa. Alifuata nyayo mpaka kwenye korongo, akawakuta wale wenye mimba wamebanwa nyuma ya ua wa fito. Alimchoma wa kwanza. Wa pili aligeuka ghafla, akamkandamiza kwenye jabali, akarudi nyuma, akamkandamiza tena. Norjmaa aliusikia mfupa wa nyonga ukilia kama kuni kavu. Dashzeveg mwenyewe ndiye aliyemkokota hadi garini.

"Nilikwambia unywe chai," akasema.

Norjmaa akamtemea mate ya damu kwenye kiatu.

Kwa hiyo wale wa korongoni, isipokuwa yule mmoja, wakabaki bila chanjo. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, theluji ilikwisha kuziba njia.

Ugonjwa uliingia mwishoni mwa kipupwe. Wengine walisema umeletwa na swala waliovuka mpaka, wengine wakasema umetoka kwenye sindano za Norjmaa, na waliosema hivyo walimwambia usoni. Serikali ikafunga njia. Daraja la Kherlen likawekwa gogo na mtaro wa dawa ya kuua vijidudu, na mnyama yeyote asivuke. Walinzi walikuwa askari wawili na Norjmaa, ambaye sasa alitembea akichechemea.

Lakini ng'ambo ya pili ndiko kulikokuwa na majani. Upande wa Dashzeveg theluji iliyeyuka, ikaganda tena, ikawa sahani ya barafu juu ya malisho. Ng'ombe walikuna kwa kwato mpaka damu. Dashzeveg alituma ujumbe akiomba njia, Norjmaa akamjibu kwamba hapana. Aliomba nyasi, akapelekewa mzigo mmoja ambao uliliwa kabla haujatua chini.

Asubuhi moja walionekana wakija: Dashzeveg, mwanawe Tumurbat, na kundi la wale wenye mimba mbele yao, mbavu nje kama fito za hema.

"Kaka, warudishe," Norjmaa akapaza sauti akiwa mbele ya gogo.

"Nirudishe wapi? Kwenye kaburi?"

"Nimesema hawavuki."

"Mdogo wangu angekuwa hai ungenizuia hivyo?"

"Angekuwa hai angekwisha kukuangusha kwenye farasi."

Dashzeveg akageuka kwa mwanawe. Alipiga mluzi, Tumurbat akawachapa ng'ombe wa nyuma, kundi zima likaja mbio. Askari mnene aitwaye Sodnom alifyatua risasi hewani. Farasi wa Tumurbat aliruka, akateleza kwenye barafu, akamwangukia mguuni. Ng'ombe waliingia kwenye mtaro wa dawa, wakakwama mbele ya gogo wakisukumana, wawili wakakanyagwa na wenzao mpaka wakanyamaza. Norjmaa alimdaka hatamu farasi wa Dashzeveg.

Mpini wa mjeledi ulimpata mdomoni. Meno ya mbele yalikatika, akayatema bila kuachia hatamu. Dashzeveg akapiga tena, sasa kichwani. Norjmaa akaushika mkono ule ule uliokuwa ukimpiga, akauvuta chini kwa uzito wake wote. Shemeji yake alidondoka, naye akamwangukia juu. Waligaagaa kwenye dawa na theluji chafu, wakiumana kama mbwa. Dashzeveg alimkaba koo. Norjmaa akauweka mkono wa shemeji yake juu ya gogo, akaupiga goti. Ulivunjika kwa mlio ambao Tumurbat, aliyekuwa bado chini ya farasi, aliusikia.

Norjmaa aliinuka, damu ikimchuruzika kidevuni. Alimshika ng'ombe wa karibu puani na kumfungua mdomo. Ulimi ulikuwa umevaa malengelenge, ngozi ikabanduka na kubaki kwenye kidole chake. Akamtazama wa pili na wa tatu. Udenda mrefu, kwato zimeoza kwenye nyufa.

"Ulijua," akamwambia Dashzeveg.

Yule mzee aliketi akiupakata mkono wake. "Nilijua tangu juzi. Nilitaka wafe wameshiba."

Amri ikaja kwa redio: wote wauawe hapo hapo. Sodnom alikuwa na bunduki, lakini alizoea kupiga mbweha. Risasi yake ya kwanza ilipita shingoni mwa ng'ombe mmoja, naye akakimbia akilia, akikanyaga damu yake. Ya pili ilimvunja mwingine taya. Norjmaa alimnyang'anya bunduki. Alikwenda kwa kila mmoja, akaweka mtutu kwenye paji la uso, akafyatua, na bega lake likavimba kwa mateke ya bunduki. Waliolala chini, matumbo yao yaliendelea kutikisika kwa muda, kwa sababu ndama walikuwa wamekaribia kuzaliwa. Tumurbat, ambaye wenzake walimwita dubu kwa nguvu zake, aliufunika uso kwa kofia akalia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha.

Ardhi ilikuwa ngumu kama chuma, shimo halikuchimbika. Waliwachoma kwa matairi na dizeli. Moshi ulikaa bondeni, na harufu yake iliingia mpaka kwenye maziwa.

Ugonjwa haukuvuka mto. Waliochanjwa vuli kule zizini kwa Dashzeveg walidhoofika kwa njaa, lakini wengi walipona.

Vuli iliyofuata Norjmaa alifika tena na sindano. Dashzeveg alikuwa amewaleta wote bila kuficha hata ndama. Mkono wake uliunga vibaya, ukapinda kwenye kiwiko. Hawakusalimiana. Khorloo, mke wa mzee, ndiye aliyeshika kamba. Mtamba mmoja alipomwangusha Khorloo, Dashzeveg akaingia zizini, akamkamata mnyama mkia kwa mkono wake mzima.

"Mkono uliniharibia," akasema bila kumtazama Norjmaa.

"Nawe meno yangu."

"Haya, choma. Nitamwachia sasa hivi."

Norjmaa akachoma. Walifanya kazi mpaka zizi likaisha.

Tumurbat hakuwapo. Alikuwa amekwenda kusini kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na Khorloo alisema hata nyumbani akija hali nyama ya ng'ombe, na maziwa huyanusa kwanza.